Njuga ya Nukta

Mama Nukta alikuwa na vyuo viwili mkononi na moyo mmoja kifuani, na huo moyo ndio uliomkosesha raha.

Chuo cha kwanza kilikuwa mbali, safari ya ndege na kisha ya treni. Walikuwa wamemkubali kusoma shahada ya uzamili ya fedha, miaka miwili ya mchana kutwa, hisabati juu ya hisabati, na mwishoni mwanafunzi anakabidhiwa kwa profesa mmoja wafanye utafiti pamoja. Ada walimwondolea, na posho walimwahidi, kiasi ambacho akijibana angetuma kidogo nyumbani. Ila bweni lao halikupokea watoto. Waliliandika hilo waziwazi, kwa adabu, mwisho kabisa wa barua pepe, kama mtu anayekukaribisha ndani huku ameweka mguu mlangoni.

Chuo cha pili kilikuwa palepale mjini, vituo vichache vya basi kutoka kazini kwake. Nacho kilitoa shahada yenye jina lilelile, masomo ya jioni, na wanafunzi wake wengi walikuwa watu wa benki wanaotafuta kupanda cheo. Huko ungejifunza kusoma mahesabu ya kampuni, kuongoza watu, kusimama mbele ya bodi bila kutetemeka. Hisabati ilikuwepo, lakini ya kuonjesha tu, kama chumvi.

Na Mama Nukta hakutaka kuongoza mtu yeyote. Alitaka kuwa mtafiti wa masoko, wale wanaokaa na bei za hisa za miaka na miaka, wakatafuta humo kitu kinachojirudia, kisha wakahangaika kuhakikisha kwamba kitu hicho kipo kweli na si ndoto zao wenyewe. Hapo penye kuhakikisha ndipo palipomteka. Mchana alikuwa karani kwenye kampuni ya bima, chumba cha madai, akiingiza kwenye kompyuta magari yaliyogongana na mapaa yaliyoezuliwa na upepo. Mkono uliandika, na akili ikawa inauliza mbona ajali za namna hii zimekaa pamoja, mbona zile hazionekani kabisa.

"Mwenzetu anaongea na magari mabovu," wenzake walisema, wakacheka, naye akacheka nao.

Hisabati aliisoma jioni, mtoto akiwa tumboni, kisha mgongoni, kisha akibaki kwa bibi yake. Mtoto aliitwa Nukta kwa sababu kwenye picha ya kwanza ya hospitali hakuzidi nukta. Baba yake aliitazama picha ile, akasema haoni kitu, na haukupita muda naye akawa haonekani. Hayo yalishapoa. Nukta sasa alikuwa na miaka mitatu, anasema kila kitu anachokiona, na kingine asichokiona.

Mtu wa kwanza kuombwa ushauri alikuwa mwalimu wa takwimu wa masomo ya jioni. Wanafunzi walimwita Mzee Wastani, maana hata ukimuuliza hujambo angekujibu, "Kwa wastani, sijambo." Mama Nukta alimfuata darasa lilipotoka, akiwa bado anafuta ubao.

"Usinisomee majina ya vyuo," Mzee Wastani alisema bila kugeuka. "Jina ni la kutundika ukutani. Nisomee masomo."

Akamsomea.

"Hao wa hapa, somo la uwezekano wanalifundisha kwa muda gani?"

"Muhula mmoja."

"Hiyo ni salamu, siyo somo. Na waliomaliza wako wapi? Simaanishi wale wawili waliopigwa picha wakicheka. Wote."

"Mameneja wa matawi, Mwalimu."

"Na wa mbali?"

"Wengi ni watafiti. Wengine wamebaki kufundisha."

"Basi jibu unalo. Kwangu umefuata nini, baraka?"

"Nina mtoto, Mwalimu."

Mzee Wastani akaweka kifutio chini. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, na vumbi la chaki likazidi kuenea. "Hilo," alisema baadaye, "sikukufundisha."

Wa pili kuombwa ushauri hakusubiri kuombwa. Huyo alikuwa mama yake mzazi, ambaye tangu Nukta azaliwe nyumba nzima ilimwita Bibi. Waliishi vyumba viwili vya ghorofani, unapanda kwa ngazi ya saruji iliyo nje, yenye kidato kimoja kilichomeguka. Bibi alikuwa fundi cherehani. Watoto wa mtaa mzima walikwenda shule na sare za mikono yake. Lakini tangu mwaka uliopita alisema mgongo umegoma, akaifunika cherehani kwa shuka, na juu ya shuka akapanga vikombe.

"Nenda," alisema. "Wewe nilikulea mguu mmoja uko kwenye cherehani. Nitashindwa na huyu mke mwenza wangu?"

"Miaka miwili, Mama."

"Kwani nimekuuliza ni mingapi? Niachie mtoto, nenda kasome hizo hesabu zako. Ukirudi utamkuta ananisuta kwa sauti yako."

Mtu mwingine angelia kidogo, angekumbatiwa, angefunga sanduku. Mama Nukta hakuwa mtu wa kuamua kwa machozi. Kazi aliyokuwa akiitamani ilikuwa na kanuni yake: jambo usilolijaribu usilisimamie. Basi akatangaza kwamba atafanya majaribio. Angehamia kwa binamu yake wa karibu na kazini kwa wiki moja, asikanyage nyumbani, kana kwamba ameshapanda ndege. Kila jioni angepiga simu na kuuliza maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Mtoto amekula nini. Amelala saa ngapi. Amelia mara ngapi, na akilia anatulia kwa nini. Amemuulizia mama yake au la.

"Unamwacha mtoto au unakagua jela?" Bibi aliuliza.

"Nataka kujua, Mama. Nisije nikajua nikiwa huko."

Akaondoka. Wiki hiyo alilala kwenye godoro la binamu yake roho mkononi, na kila jioni simu ilipopokelewa alimsikia Bibi akimwambia mtoto, "Polisi kapiga." Kisha majibu yakafuata, moja moja, bila kutia chumvi. Siku ya kwanza Nukta alilia sana, akalala na kiatu cha mama yake. Ya pili alilia wakati wa kuoga. Ya tatu aliuliza mara moja tu, akaambiwa mama yuko kazini, akasema haya. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa anakula, analala, anacheka, na alikuwa amejifunza wimbo mpya. Mama Nukta aliusikia wimbo huo kwenye simu. Akafurahi, na palepale akaumia kwa kufurahi kwake.

Aliporudi, mtoto alimkimbilia kutoka chumba cha ndani kwa sauti ya chiriri-chiriri. Alikuwa amefungwa njuga mguuni, vikengele vidogo vya shaba kwenye uzi mwekundu.

"Hii nini tena?"

"Pambo," Bibi alisema. "Mwenzako anapenda kujirusharusha, nikaona arushe na muziki."

Ilimpendeza. Akaupiga busu mguu ule na njuga zake. Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, aliandika kwa chuo cha mbali kwamba atakuja, na kwa chuo cha hapa kwamba anawashukuru. Alijikaza kisabuni. Majaribio yalikuwa yamejibu.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio: pasipoti, chanjo, koti zito la mtumba alilolipima kwa Msusi, mbele ya kioo cha saluni yake. Msusi alikuwa jirani yao wa chini. Saluni yake ilikuwa chumba kilichobanwa chini ya ile ngazi ya saruji, na habari zote za jengo zilipita hapo kwanza.

"Shoga, ukivaa hili unafanana na friji," Msusi alisema. "Lakini nenda nalo. Huko mafriji ndiyo yanaheshimiwa."

Halafu ikaja siku mtandao wa kompyuta ulikufa ofisini. Msimamizi alihangaika nao, akashindwa, akawaruhusu watu wa chumba cha madai waende zao mapema. Mama Nukta alishuka kwenye basi jua bado lipo. Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka, aliwaona Bibi na Nukta wanatoka kununua mkate. Alitaka kuwaita. Akaona awafuate kimya, awashtue mlangoni.

Mtaa huo ulikuwa unachimbwa kupitisha mabomba ya maji, mitaro imeachwa wazi kila mahali. Mtoto alitangulia hatua moja, amemshika Bibi kidole. Njuga zililia.

"Shimo, Bibi."

Bibi akasimama. "Kubwa au dogo?"

"Kubwa."

"Haya, tuzungushe, mke mwenza."

Wakalizunguka. Mama Nukta, nyuma yao, alitabasamu. Mchezo mzuri, alijiambia.

"Baiskeli."

Bibi akasimama tena, mkate kifuani, akangoja. Baiskeli ilipita karibu kabisa, upande wa bega lake, na hakuigeuzia hata jicho.

"Imepita?"

"Imepita."

Tabasamu la Mama Nukta likakauka. Wakafika kwenye ngazi. Kwa kila kidato mtoto alisema neno moja, kwa sauti ya mtu aliyeizoea kazi yake. "Ngazi. Ngazi. Ngazi. Mbovu." Na kwenye kile kidato kilichomeguka mguu wa Bibi ulibaki hewani, ukatafuta, ukapata pa kukanyaga. "Ngazi. Ngazi. Mlango." "Asante, mama yangu," Bibi alisema. Wakaingia.

Msusi alikuwa amesimama kwenye mlango wa saluni, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe.

"Mbona umesimama kama nguzo ya umeme?"

"Tangu lini?" Mama Nukta aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usijitie hamnazo, shoga. Tangu lini haoni?"

Msusi alikitoa kitana, akakitazama kama hakuwahi kukiona. "Aliniapisha," alisema. "Tangu alipoacha cherehani. Mgongo wake mzima kuliko wangu. Ile wiki yako, mboga nilikuwa nakata mimi, chai namimina mimi. Siku moja mtoto alitoka, akafika mpaka pale kwenye mtaro, bibi yake yuko naye chumba kimoja, hakujua. Mimi ndiye niliyemrudisha. Kesho yake akanituma njuga sokoni. Uzi nilipitisha mimi, yeye tundu halioni."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Yule mama kila nikipanda ananiambia, mwanangu anakwenda kuwa mtafiti. Hata hajui mtafiti anafanya nini, lakini ukimsikia anavyolitamka."

Mama Nukta alipanda. Bibi alikuwa kitini, mtoto miguuni pake anamega mkate. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya mama yake, magoti kwa magoti.

"Mama, unaniona?"

 Bibi alikuwa mtu mzima, na alijua swali limetoka wapi.

"Uso wako nauona," alisema. "Vizuri tu. Mikono yako siioni. Ni kama nakuchungulia kwenye tundu la kitasa. Nikigeuka, na tundu linageuka."

"Nilikupigia kila siku. Kila siku nilikuuliza."

"Uliniuliza habari za mtoto. Za mtoto nilikupa zote, hata moja sikudanganya. Alikula, alilala, alilia, nilikwambia." Akanyoosha mkono, akaupata uso wa binti yake bila kupapasa. "Habari zangu hukuuliza, mwanangu. Na mimi nikashukuru Mungu kwamba huulizi."

Hapo Mama Nukta, ambaye hakuwa mtu wa kuamua kwa machozi, alilia mpaka mtoto akampa mkate.

Walikwenda hospitali pamoja. Daktari wa macho, kijana mwenye sauti ya chini, alisema ni presha ya macho, ya siku nyingi. Kilichoondoka hakirudi. Kuna dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki kinataka uangalizi. Bibi alisikiliza kama anasomewa vipimo vya suruali ya mtu mwingine. Njiani alisema, "Matone hata Msusi anaweza kuniwekea. Tafuta msichana wa kazi, wewe nenda."

Mama Nukta alilipindua wazo hilo kila upande, kwa maana alitaka kulikubali. Posho ya kujibana isingelisha nyumba na kulipa mtu. Na hata ingelipa, angekuwa anaacha mtoto wa miaka mitatu na mtu mzima asiyeona mitaro mikononi mwa mgeni, kisha anapiga simu kila jioni kuuliza maswali. Sasa alikuwa anajua simu inavyojibu. Aliandika kwa chuo cha mbali kuomba wamsogezee nafasi mpaka mwaka ujao. Wakajibu upesi, kwa adabu yao ileile: ufadhili hausogezwi, anakaribishwa kuomba upya pamoja na wengine. Akawashukuru. Akawaandikia tena wa hapa, na wao nafasi walikuwa nayo.

Alipomwambia Bibi, Bibi aliinuka, akaenda kwenye cherehani, akaanza kuondoa vikombe juu ya shuka kimoja kimoja na kuvirudisha palepale.

"Nilitaka niwe mtu aliyekusukuma ukaenda," alisema, amempa mgongo. "Umenifanya jiwe la mlangoni."

"Mama, siyo hivyo."

"Basi niambie ni vipi."

 Siku zilizofuata walipishana ndani ya vyumba viwili kama wapangaji. Bibi alijibu alichoulizwa tu. Nukta ndiye aliyebaki anaongea, anataja vitu: meza, kiti, mama, Bibi, sufuria.

Mzee Wastani naye hakumpa pole. Alimsikiliza mpaka mwisho, ameegemea ubao, na suti ikapata chaki mgongoni.

"Nilimpima mtoto," Mama Nukta alisema. "Aliyemshika mtoto sikumweka hata kwenye karatasi. Nilimchukulia yupo tu, kama ukuta."

"Kosa hilo nimeliona kwa watu wakubwa zaidi yako," Mzee Wastani alisema. "Ila wao walipoteza pesa za watu." Akatafuta miwani yake, ilikuwa usoni. "Huko kwa mameneja watakupa salamu ya uwezekano. Somo lenyewe njoo tufanye Jumamosi. Jumamosi sina kazi."

"Kila Jumamosi, Mwalimu?"

"Kwa wastani."

Hilo ndilo alilokuwa nalo. Lilikuwa dogo, alilishika.

Siku ya kuanza chuo cha hapa, asubuhi, anajiandaa kwenda kazini na kuunganisha darasani jioni, Bibi alimwita. Lilikuwa neno la kwanza lisilo jibu tangu ugomvi wao.

"Lete mkoba wako."

Alikuwa amemketisha Nukta mapajani, anamfungua uzi mwekundu mguuni. Akatoa njuga mbili kwa vidole, kwa kuzigusa tu, akazifunga kwenye mkono wa mkoba kwa fundo la fundi.

"Yangu," Nukta alilalamika.

"Tunagawana, mke mwenza. Na huyu nimsikie akipanda. Ngazi ile inapandwa na kila mtu."

Darasa lilikuwa zuri. Lilikuwa na feni, viti vya magurudumu na watu wanaonukia manukato. Mwalimu, mwanamke mchangamfu, alitaka kila mmoja aseme amekuja kutafuta nini. Zamu ya Mama Nukta ilipofika alisema anataka kuwa mtafiti wa masoko, wa hesabu. Mwanamume wa kiti cha pembeni, meneja wa tawi mwenye mvi, alimgeukia kwa huruma ya kweli.

"Dada, mbona hao hawasomei hapa?"

"Najua, kaka," alisema.

Jioni hiyo walifundishwa namna ya kuzungumza na mteja aliyekasirika. Mama Nukta alisikiliza kwa makini, mkono ukiandika, na kwa mara ya kwanza akili yake haikuuliza kitu.

Alipofika nyumbani aliutikisa mkoba kwenye kidato cha kwanza, njuga zikalia. Kidato kibovu alikiruka. Ndani taa ilikuwa inawaka, Nukta amelala kichwa mapajani kwa bibi yake.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Mwalimu anajua kufundisha?"

"Anajua sana."

"Wenzako wana heshima?"

"Wana heshima. Mmoja ana mvi kukushinda, ameniita dada."

"Chumba kina hewa?"

"Kina feni, Mama. Mpaka karatasi zinaruka."

Yote aliyajibu, na yote yalikuwa kweli. Bibi alitikisa kichwa, taratibu, huku akizipitisha nywele za mtoto kati ya vidole. Alifungua mdomo kama aliyebakiwa na swali moja, akaufunga, akasema chakula kipo, asisahau kufunika.

Mama Nukta alikaa kwenye kigoda mbele ya mama yake, mkoba bado begani. Akahisi midomo yake inaanza kumsaliti. Akakumbuka lile tundu la kitasa, ni wapi lilipoishia. Akakisogeza kigoda pembeni kidogo, nje ya lile tundu, pale ambapo Bibi asingeuona uso wake.

Njuga zikalia, na Bibi akageuza kichwa kuzifuata.